Tangerine Dream Walianza na Kikokotoo Bila Betri

Kama ushawahi kaa kwa base ya PS mtaani, unatoa mbao baada ya mbao ndio uzungushe GTA V, basi Tangerine Dream ushawaskia, ni vile tu hakuna msee alikushow. Zile sauti zinapandanga polepole ukiwa kwa mission, umeiba, makarao wako nyuma na chopa iko juu, zenye zinakushika kifua ata kabla risasi ilie. Mmoja wa wenye walizipika ni Edgar Froese, mzae wa Berlin. Hiyo game ikitoka 2013 alikuwa na miaka 69. Jina lake liko kwa orodha moja na The Alchemist na Oh No, wasee wa hip-hop wenye mbogi ya mabeat inawapigia magoti. Mzae wa 69, bana. Wazae wengine hiyo age wako ushago wanagombania mpaka wa shamba.

Sasa ukimsaka kwa intaneti utarushiwa mambo mob. Bendi yake ina albamu zaidi ya mia. Kuna zile za filamu, Sorcerer ya 1977, Thief ya 1981, Risky Business ya 1983. Ukiwa ulikesha na Stranger Things, ngoma zao zingine ziko humo ndani, na ile muziki ya kufungua shoo ni watoto wa watoto wao kisauti. Wajuaji watakuambia uanze na Phaedra ya 1974. Mi nakushow wachana na hiyo kwanza. Rudi kabisa nyuma, albamu ya kwanza, iliachiliwa 1970, inaitwa Electronic Meditation. Wasee wengi wanairuka juu inasound ni kama wasee wanahamisha fanicha usiku. Na ni poa. Ni poa sana, na nitakushow kwa nini, lakini lazima tupitie Berlin.

Hiyo Berlin haikuwa hii ya sai yenye watu wanaenda kudunda wikendi nzima. Ilikuwa mji umekatwa kati na ukuta tangu Agosti 1961. Upande wa Magharibi ulikuwa kisiwa: Ujerumani Mashariki imeuzunguka pande zote, na wenye walikuwa wanausimamia ni Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Na hapo ndio kulikuwa na mwanya. Kijana wa Ujerumani Magharibi alikuwa analazimishwa kwenda jeshi, lakini ukiwa mkaaji wa Berlin Magharibi hiyo sheria ilikuwa haikupati. Unaona picha? Kila kijana mwenye hakutaka kubeba bunduki, mwenye alitaka kuchora, kupiga gita, ama kukaa tu bila kusumbuliwa, alikuwa anashika njia anaingia Berlin. Plus mabaa hazikuwa na saa ya kufunga. Hiyo sheria walikuwa wameitupa tangu 1949. Ukuta, vijana wenye hawataki jeshi, na usiku hauishi. Hapo ungetarajia nini kitokee?

Kuna kitu kingine chini ya hayo yote. Hao vijana walizaliwa wakati wa vita ama karibu na vita. Froese ni wa Juni 1944, alizaliwa Tilsit, mji wenye sai uko Urusi. Redio ya wakati huo ilikuwa imejaa Schlager, mangoma laini za mapenzi na likizo, za kufanya wazazi wasahau. Na watoto hawakutaka kusahau, walikuwa wanaangalia kila mzae kwa mtaa wanajiuliza: na wewe, wakati wa Hitler, ulikuwa unafanya nini? Juni 1967 polisi wakampiga risasi mwanafunzi, Benno Ohnesorg, kwa maandamano ya kupinga ziara ya mfalme wa Iran, akadedi, na mji ukawaka. Sisi wenye tuliona maandamano ya Juni 2024 hapa Kanairo hatuhitaji kuelezewa hiyo hewa inanukaje.

So wakabaki na swali. Schlager hawataki. Rock na blues ni tamu lakini ni za Marekani na Uingereza, na kukopi mtu maisha yako yote inachosha. Froese alikuwa amejaribu. Alikuwa na bendi inaitwa The Ones, wanapiga soul na rock za kawaida, mpaka 1967 wakajipata Uhispania, kwa villa ya Salvador Dalí, yule mchoraji wa saa zenye zinayeyuka. Froese mwenyewe alikuwa amesomea uchoraji na uchongaji, so kitu kikamgonga kichwa: kama jamaa anaweza kunja saa, mbona mimi siwezi kunja ngoma? Mwaka huo huo akaanzisha Tangerine Dream.

Alafu kuna base. Hakuna sound mpya inazaliwanga bila base. Yao ilikuwa Zodiak Free Arts Lab, mtaa wa Kreuzberg, Hallesches Ufer, nyuma ya jumba la maigizo la Schaubühne. Conrad Schnitzler na Hans-Joachim Roedelius walikuwa kati ya wenye waliianzisha. Chumba kimoja kimepakwa nyeupe tupu, kingine nyeusi tupu. Vyombo na amplifaya ziko hapo, unaingia, unashika chenye unataka, unatoa makelele mpaka uchoke. Hakuna mtu anauliza kama unajua kupiga. Ilidumu miezi tu, ikafungwa, lakini ukifuata majina ya wenye walipita hapo utakuta nusu ya muziki wa elektroniki wa Ujerumani ilitokea mlango huo. Kwa maoni yangu hapo ndio albamu ilitengenezwa kabla ata mashini ya kurekodi iwashwe.

Sasa wenyewe ni watatu. Froese ndio mdosi, miaka 25, mkononi gita, kichwani Hendrix na Dalí. Wa pili ni Klaus Schulze, 22, mtoi wa Berlin, anapiga dramu. Na wa tatu ni huyo Schnitzler, 32, na huyu ndio nampenda zaidi. Jamaa alikuwa amefanya wera ya mashini kwa meli. Alikuwa amepitia kwa Joseph Beuys kule Düsseldorf, yule msanii mwenye alikuwa anasema kila mtu ni msanii. Schnitzler akachukua hayo maneno vile yalivyo. Chelo hakusomea, na hakuwa na mpango wa kusomea. Alikuwa anaishika anaikwaruza mpaka itoe kenye chelo haijawahi ambiwa itoe. Kwa orodha ya vyombo vyake kuna chelo, kuna fidla, na kuna addiator.

Ngoja hapo kwa addiator. Hiyo ni kamashini ka mfukoni ka kujumlisha hesabu, ka chuma, unasukuma namba na kijiti. Wahasibu na wenye maduka ndio walikuwa wanatumia. Hakatumii stima. Hakana betri. Na kako kwa orodha ya vyombo vya albamu yenye jina lake linaanza na Electronic. Ukiangalia kwingine pia ni hivyo hivyo: gita, ogani, piano, dramu, vyuma vya kugonga, plus tepu zenye Froese alikuwa amezikatakata. Sinthesaiza? Hakuna. Ata moja. Moog zilikuwepo tayari duniani, lakini bei yake ilikuwa ya watu wenye ganji ama vyuo vikuu, na hawa walikuwa wamesota. Ile sauti ya anga za mbali yenye unaiskia ni ya vitu vya kawaida vimelazimishwa kubonga lugha si yao.

Oktoba 1969 wakakodi nafasi ndani ya kiwanda hapo Berlin, wakaingia na mashini ya Revox yenye ilikuwa na njia mbili pekee za sauti. Mbili. Sai ata simu ya thao nane iko na programu ya bure inakupatia nyingi kushinda hizo. Na njia mbili maanake ni hivi: hakuna kurudi jioni ukatoa dramu ukaacha gita, hakuna kuficha. Kenye kimeingia kimeingia. Msee akikohoa, kikohozi ni sehemu ya ngoma. Ndio maana nasema hii albamu ni ngumu kudanganya. Zile za baadaye unaweza uliza nani alifanya nini na mashini ilifanya nini. Hapa unaskia jasho.

Walikuwa na wageni wawili pia, Jimmy Jackson kwa ogani na Thomas Keyserling kwa fluti. Kava ya kwanza haikuwataja. Kila mtaa uko na produsa mwenye hakutajwa, naona ata Berlin ni hivyo.

Sasa tuingie ndani. Ngoma ni tano, jumla kama dakika 37, na majina yake yamepangwa kama maisha ya mtu: kuzaliwa, safari ndani ya ubongo unaowaka moto, moshi baridi, majivu kwa majivu, ufufuo. Ndio, ni drama mingi. Walikuwa vijana.

Ya kwanza, Geburt, dakika sita, ndio inafukuza watu. Inaanza na Schnitzler anakwaruza chelo, hakuna beat, hakuna mahali pa kushika. Alafu polepole fluti inaingia, dramu zinaanza kugonga kama zinatafuta mlango, na kila kitu kinapanda. Kama unatafuta hook hautaipata. Wewe skiza tu venye kila mmoja anasikiza mwenzake.

Ya pili ndio roho ya hii kitu yote. Reise durch ein brennendes Gehirn, dakika kumi na mbili na kitu. Inaanza chini, gita na fluti zinabonga taratibu, unafikiri umetulizwa. Alafu ogani inaingia. Alafu Schulze anaamka. Kufika katikati jamaa anapiga hizo dramu kama mtu analipa deni, Froese anararua gita mpaka haijulikani tena ni gita, na kwa nyuma Schnitzler anaharibu kila kitu kwa makusudi. Hawa watu hawakubaliani. Froese anataka iwe rock yenye imechizi. Schulze anataka mwendo mrefu usiokatika. Schnitzler hataki muziki kabisa, anataka sauti tu. Ni makanga watatu wanaitia abiria gari moja, kila mmoja anataja njia yake, na gari inaenda. Hiyo mvutano ndio utamu. Bendi ikishakubaliana kila kitu huwa inaanza kunibore, na Tangerine Dream, kwa heshima zote, miaka ya themanini walikubaliana sana.

Upande wa pili haushiki vile upande wa kwanza unashika, wacha niseme ukweli. Kalter Rauch inaanza na kukatikakatika, kimya, alafu kishindo, alafu kimya tena, na kuna mahali nahisi tepu zimebandikwa juu zilikuwepo tu. Dakika kumi ni nyingi kwa hiyo. Asche zu Asche ni fupi na ndio iko karibu na rock ya kawaida, beat iko, gita iko, unaweza tingisha kichwa. Ukiwa na beshte mwenye hataki mambo mengi, mchezee hiyo. Na ya mwisho, Auferstehung, ina ogani ya kanisa na sauti ya Froese anabonga maneno hayaeleweki, lugha ya majini. Ukweli ni kwamba jamaa alisoma maandishi ya tikiti ya feri, alafu tepu ikachezwa kinyumenyume. Tikiti ya feri! Kuna wasee wamekaa miaka wanatafuta maana iliyofichwa hapo, kumbe ni masharti ya safari. Mi hiyo ilinibamba kuliko kitu yoyote kwa hiyo albamu, juu inakuonyesha kwamba pamoja na majivu na ufufuo wote, hawa vijana walikuwa pia wanacheka.

Vile ilitoka nayo ni story. 1970 kulikuwa na lebo mpya inaitwa Ohr, ya Rolf-Ulrich Kaiser, mwandishi mwenye aliamua Ujerumani inahitaji sound yake. Ohr wakaichukua ile tepu wakaiweka nje. Kava ina mwanasesere wa plastiki ameharibiwa, inatisha kiasi, kazi ya Reinhard Hippen. Na ndani ya kava wakaweka puto. Puto ya kupuliza, kama ya birthday. Wenye wanakusanya rekodi sai wanasaka zile za kwanza, na ukipata yenye bado iko na puto yake umeomoka.

Lakini kufika hapo bendi yenyewe haikuwepo tena. Schnitzler alihepa na Roedelius na Dieter Moebius wakaunda Kluster, wakaendelea kukwaruza. Schulze akaenda Ash Ra Tempel na Manuel Göttsching, alafu naye akahepa hapo, na 1972 akatoa yake ya kwanza peke yake, Irrlicht, na huyo pia bila sinthesaiza: ogani yenye alikuwa ameivurugavuruga na tepu ya okestra. Froese akabaki na jina. Watatu hawa hawakurekodi albamu ingine ya Tangerine Dream pamoja. Ile Oktoba kwa kiwanda ndio ilikuwa hiyo tu.

Ganji ilikuja baadaye. Christoph Franke akaingia, sinthesaiza zikaingia, John Peel wa BBC akaisifu Atem kama albamu yake ya mwaka 1973, Virgin wakawasaini, na Phaedra ikafika nambari 15 Uingereza karibu bila redio kuicheza. Hapo sasa kuna Moog kubwa na sikwensa inazunguka yenyewe, na ndio, ni tamu, hiyo mashini ilikuwa inapoteza tune ikipata joto na wao wakaacha hivyo hivyo. Hiyo sikwensa ndio mzazi wa sound mob zenye unadundia sai. Sikatai. Lakini mashini ikishika usukani, mvutano wa watu watatu unaisha. Sai kila mtu anafuata mwendo wa sikwensa. Wenye wanasema Electronic Meditation ni mazoezi kabla ya kazi kamili wananikasirisha, juu hiyo ni kupima kitu na rula ya kitu kingine. Froese wa 1974 alikuwa na vifaa vya kufanya kila kitu isipokuwa hii albamu.

Na kama unafikiri haya ni ya walami wa zamani, kuna kijana wa Kanairo anaitwa KMRU, Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru wa mangoma za Kikuyu. Alianza kurekodi sauti za kawaida, mtaa, upepo, vyuma, akazivuta mpaka zikawa kitu kingine. 2020 akatoa Peel na lebo ya Editions Mego ya Vienna, na akahamia Berlin kusomea sauti. Hakuna beat pia. Hakuna hook pia. Majuu wanajaza kumbi kumskiza, hapa home nusu ya mabeshte zangu hawamjui, na hiyo ndio aibu yetu wenyewe.

Usiichezee Electronic Meditation kwa nganya ya Rongai, abiria watashuka Bomas wakidai fare. Usiweke kwa wufa ya keja pia, jirani ataita caretaker. Hii ni ya earphones, usiku, tokens ata zikiwa zimeisha ni sawa, bora simu iko na chaji. Anza na ngoma ya pili, si ya kwanza, ata kama wajuaji watakasirika. Ukifika dakika ya nane na bado hujaguswa popote, zima, lala, hakuna ngori, hatutakosana. Lakini ikikushika, rudi mwanzo uskize yote mpaka ile tikiti ya feri, alafu mpe KMRU pia mskizo mmoja.